Wadudu Watatu

Mtaani kwetu Magomeni malaria ina namba. Mtu hasemi tu kwamba anaumwa malaria, anasema amekutwa na wadudu watatu. Mwenye duka la kona akichelewa kufungua, jirani atakuambia, "Ana malaria nne yule, jana kapimwa." Nimekua nikizisikia namba hizo kama ninavyosikia bei ya nyanya. Wawili ni wa kuvumilia, watatu ni wa kawaida, kumi ni wa kumpigia simu ndugu aliye mbali. Mama yangu alitunza vikaratasi vyake vya maabara kwenye kopo la biskuti pamoja na risiti za LUKU, na karibu vyote vilisema jambo moja: wadudu watatu.

Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza ni watatu kati ya wangapi. Wala sikusikia mtu akiuliza nani aliwahesabu, na aliwahesabia juu ya nini.

Maswali hayo yalinijia nikiwa mtu mzima, nimekaa upande wa pili wa dirisha la maabara, mimi ndiye ninayeandika namba.

Kipimo ambacho wateja wetu wanakiita BS huanzia kwenye kipande cha kioo. Sisi tunakiita slaidi. Urefu wake ni milimita 75, upana 25, unene kama milimita moja. Unatoboa kidole cha mgonjwa, unaweka tone la damu juu ya kioo, unalizungusha taratibu lienee, unaliacha likauke. Kisha unalimwagia rangi ya Giemsa na kusubiri. Tone hilo nene haligusishwi methanoli, kwa sababu tunataka maji ya rangi yazipasue chembe nyekundu na kuacha vilivyokuwa ndani yake. Kama kazi imeenda vizuri, chembe nyeupe za damu hugeuka zambarau, na kimelea cha malaria hujitokeza kama kipete kidogo cha bluu chenye nukta nyekundu. Unahesabu vimelea unavyoviona hadi umalize chembe nyeupe 200. Ile "tatu" ya mama yangu ilitoka hapo: vimelea vitatu kwa kila chembe nyeupe 200. Na kama huoni kitu, huruhusiwi kusema hakuna mpaka umepitia angalau nyanja 100 chini ya lenzi ya mafuta. Kwa hiyo kusema "hakuna" kunachukua muda mrefu kuliko kusema "watatu". Nitalirudia jambo hili.

Yote hayo yanategemea kioo. Kioo chenye mafuta ya vidole, damu hubanduka wakati wa kuosha. Chenye mikwaruzo hushika rangi ndani ya mikwaruzo. Kilichokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam huanza kupata ukungu, na vioo hugandana viwili viwili ndani ya boksi. Kilichooshwa kikatumika tena hubaki na chembechembe za rangi ya zamani. Ukikuza mara elfu moja, kila kimojawapo cha vitu hivyo kinaweza kuwa nukta, na nukta ikikaa mahali panapofaa inaweza kuonekana kama mdudu.

Nilitumwa Kariakoo kununua slaidi mwezi wangu wa tatu kazini. Mwenye maabara ni mzee mmoja mstaafu, aliyeifungua kwa kiinua mgongo chake katika chumba kimoja cha mbele cha nyumba ya urithi. Si mtu mbaya. Wazee wasio na kitu huwapima bure, na huwa anawauliza habari za wajukuu kwa majina. Asubuhi ile nilimwamkia, akaitikia, akanipa hela na maelekezo mafupi: "Chukua vile vya bei ya chini, mwanangu. Tutaviosha, vitatusogeza."

Nilipanda Mwendokasi pale Mapipa, nikashuka Msimbazi, nikaingia ndani ya mitaa. Muuzaji aliweka maboksi mawili juu ya kaunta. La kwanza lilikuwa na slaidi safi, kingo zimesuguliwa, ncha moja ina sehemu ya kuandikia kwa penseli. La pili halikuwa na jina la kueleweka. Nilitoa kioo kimoja nikakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, nikaona juu yake rangi hafifu kama ya mafuta ya taa kwenye maji. Tofauti ya bei haikufika shilingi elfu tatu.

"Dada," muuzaji aliniambia kwa upole wa mtu mwenye wateja wengine nyuma yangu, "hivi ni vioo tu. Kioo ni kioo."

Nikachukua boksi la pili. Nilijua nilichokiona pale mlangoni. Nilijua pia nimetumwa na nani, na mwisho wa mwezi ninalipwa na nani.

Wiki kadhaa baadaye alikuja mama mmoja na binti wa miaka minne mwenye homa. Nilimpima, nikaandika wadudu watatu. Mtoto akapewa dawa mseto, siku tatu. Homa ikapungua, ikarudi. Wakaja tena, nikaandika wanne. Dawa mseto tena. Mara ya tatu wanakuja, mtoto alikuwa amelala begani, shingo imelegea, na mama hakutaka hata kukaa kwenye benchi.

Siku hiyo boksi lilikuwa limeisha. Nilitumia slaidi mpya ambayo mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliiacha kwenye droo. Nilipitia nyanja 100, nikapitia nyingine 100. Damu ilikuwa safi. Nilitoka nikamwambia mama, "Malaria hakuna."

"Dada, angalia tena. Mtoto anaungua. Juzi ulimkuta nao wanne, wamekwenda wapi?"

Nilirudi ndani. Tulikuwa na kisanduku ambamo slaidi zilizosomwa zilikaa zikisubiri kuoshwa. Slaidi ya kwanza ya mtoto yule ilikuwa imekwishaoshwa na kutumika kwa mtu mwingine. Ya pili ilikuwepo, namba yake kwa mwandiko wangu. Niliiweka chini ya lenzi na kuwatafuta wale wanne. Niliwapata. Safari hii niliichezesha fokasi juu na chini, jambo ambalo nilifundishwa chuoni na ambalo siku ile ya kwanza sikulifanya. Chembe nyeupe zilipokuwa wazi, wale wanne walififia. Walipokuwa wazi wao, chembe nyeupe zilififia. Hawakuwa ndani ya damu. Walikuwa kwenye kioo.

Nilitoka nikamwambia mama aende hospitali haraka, mtoto achunguzwe vizuri. Akaniuliza kuhusu majibu ya mwanzo. Nikamwambia, "Kulikuwa na hitilafu kidogo kwenye vipimo."

Baadaye nimeitafakari sana sentensi ile. Kulikuwa na hitilafu. Haina mtu ndani yake. Kiswahili cha ofisini kinatupa sentensi za namna hiyo nyingi: kulitokea changamoto, kumejitokeza kasoro. Kasoro inajitokeza yenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Aliyeandika "watatu" na "wanne" alikuwa amesimama pale pale, ana kalamu mfukoni.

Mtoto alikutwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Alipata dawa stahiki, akapona. Daktari alimweleza mama yake kwamba kwa mtoto mdogo maambukizi kama hayo yakikaa bila tiba yanaweza kuumiza figo. Yeye hayakumuumiza.

Je, nilikosa?

Swali hili linaonekana jepesi lakini lina mitego. Mtu anaweza kunitetea hivi: sikudanganya. Kudanganya ni kusema jambo unalojua si kweli, nami niliamini niliona wadudu. Pia mtoto alipona, hakuna aliyeumia. Tena nisingeandika malaria na kumbe ipo, mtoto angeweza kufa. Katika nchi hii, kumpa mtu dawa ya malaria asiyoihitaji ni kosa dogo kuliko kumnyima anayeihitaji. Wazee wetu walitibu kila homa kama malaria na tukakua.

Nianze na hilo la kuamini. Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza William Kingdon Clifford aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli iliyochakaa, anayetaka kuipeleka baharini ikiwa imejaa wahamiaji. Anajua ni kuukuu na imefanyiwa matengenezo mara nyingi. Anapata wasiwasi, kisha anaushinda wasiwasi wake: mbona imesafiri salama mara nyingi, Mungu atawalinda. Mwishowe anaamini kwa moyo wote kwamba meli ni nzima. Inazama, yeye anachukua bima. Msomaji wa Tanzania hawezi kupita hapo bila kuikumbuka MV Bukoba ya mwaka 1996 au MV Spice Islander ya mwaka 2011. Clifford anasema kwamba imani ya dhati ya mtu huyu haimsaidii kitu, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza jambo linalonihusu mimi moja kwa moja: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata kidogo, asingejulikana tu.

Mimi meli yangu ilifika. Mtoto yuko hai, anasoma chekechea. Lakini kufika kwake hakukutokana na mimi. Nilipokiona kile kioo mlangoni mwa duka Kariakoo, rangi ya mafuta ikicheza juu yake, nilipata ule wasiwasi wa mwenye meli. Nami niliushinda kwa njia yake ile ile: vioo ni vioo, mbona maabara nyingi zinatumia hivi, mbona mzee amefanya miaka yote. Kosa langu halikuanzia kwenye hadubini. Huko kwenye hadubini kweli niliamini. Kosa lilianzia kwenye kaunta, nilipochagua kioo ambacho kingenifanya niamini chochote.

Hili ndilo nililojifunza kuhusu uongo: si lazima utokee wakati wa kusema. Unaweza kuuandaa mapema, ukaupanga vizuri, kisha siku ya kusema ukasema kwa moyo mweupe kabisa.

Sasa hoja ya pili, kwamba kuzidisha malaria hakumdhuru mtu. Hii nilikuwa nayo tangu utotoni, ndiyo iliyojaza lile kopo la biskuti. Niliiacha nilipokutana na takwimu tatu, zote za nchini kwetu.

Ya kwanza ilichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Malaria Journal. Watafiti walichukua slaidi kutoka vituo 12 vya afya vya umma vya Dar es Salaam na kuwapa wataalamu wazisome upya. Maabara za vituo zilikuwa zimesema asilimia 53 zina malaria. Wataalamu walikuta asilimia 2. Nilipofika kwenye sehemu ya idadi ya vimelea niliweka karatasi chini. Kwa wale walioandikwa kuwa na malaria, idadi ya kati iliyoripotiwa na vituo ilikuwa vimelea vitatu kwa chembe nyeupe 200. Wataalamu, kwenye slaidi chache walizozikubali, idadi yao ya kati ilikuwa 1,226.

Watatu. Wale wadudu watatu wa mama yangu, wa mwenye duka, wa mtaa mzima. Malaria ya kweli inayomlaza mtu haiji na wadudu watatu, mara nyingi inakuja na mamia na maelfu. "Watatu" ilikuwa namba ya mtu ambaye hajaona kitu na hataki kusema hajaona. Ni namba ya adabu. Si kubwa ya kutisha, si sifuri ya kumrudisha mgonjwa mikono mitupu. Hakuna aliyekaa kikao cha kuipitisha. Kila mmoja wetu aliifikia peke yake, kwenye chumba chake, na tukaangukia mahali pamoja.

Takwimu ya pili ilitoka mwaka 2014 katika New England Journal of Medicine. Watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na Ifakara, walichunguzwa kwa kina kujua hasa wanaumwa nini. Zaidi ya sita kati ya kumi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Wenye malaria walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Wenye maambukizi ya njia ya mkojo, kama yule binti, walikaribia asilimia 6. Maana yake, kila ninapoandika "watatu" bila kuwaona, ninaufunga mlango ambao nyuma yake kuna ugonjwa mwingine wenye jina lake na dawa yake.

Ya tatu ndiyo nzito. Mwaka 2004 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, juu ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama wana malaria kali. Slaidi zao ziliposomwa kwa makini, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea. Kati ya waliokuwa na malaria kweli, walifariki karibu 7 kwa kila 100. Kati ya waliotibiwa malaria wasiyokuwa nayo, walifariki 12 kwa kila 100. Hawa wa pili waliondoka duniani na jina la ugonjwa usio wao.

Kwa hiyo haiwezekani kusema "watatu" ni huruma. Ni huruma kwa anayesema.

Lakini nisijifanye mtakatifu kwa kuwalaumu wenzangu. Wajibu huu una uzito ambao wasiokaa kwenye kile kiti hawaujui. Mgonjwa ametembea, amelipa, anataka kuondoka na kitu. Tabibu ameshaandika malaria kwenye cheti, anangoja tu nimthibitishie. Foleni ni ndefu na nyanja 100 zinakula dakika. Mwenye maabara anajua kwamba mteja anayeambiwa "hakuna" mara mbili atahamia kwa jirani, ambako wadudu wapo siku zote. Kila upande unasukuma kuelekea kwa wale watatu. Ukisimama kinyume unaonekana ama hujui kazi ama una roho mbaya. Na anayesukuma zaidi ni anayependa zaidi: yule mama aliyeniambia angalia tena alikuwa anamwombea mtoto wake malaria, kwa sababu malaria anaijua na dawa yake anaijua.

Kuna watakaosema kipimo cha haraka, mRDT, kimemaliza hadithi hii. Kimesaidia sana. Katika utafiti ule wa Dar es Salaam, vituo vilivyopewa vipimo vya haraka mwaka 2007 vilishuka kutoka kwenye asilimia 43 na hata 62 za majibu chanya hadi kati ya 6 na 8. Kile kipande cha plastiki hakina foleni, hakimwonei mtu aibu. Lakini hakihesabu vimelea, na kwa kawaida kinaweza kuendelea kuonyesha mstari wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kioo bado kinahitajika hapo. Kinahitajika pia kwa makohozi ya kifua kikuu, kwa chembe za mlango wa kizazi, kwa damu ya mwenye sikoseli. Kila mahali ambapo seli inapakwa rangi ili ionekane, kuna mtu aliyechagua kioo kabla.

Kiswahili kinatumia neno moja, kipimo, kwa kazi ya muuza mchele na kwa kazi yangu. Mwanzoni niliona ni umaskini wa msamiati. Siku hizi naona ni busara. Sokoni kuna mizani na kuna Wakala wa Vipimo wa kuikagua, na kila mtu anajua kupunja ni nini. Watoto wa madrasa hapa Magomeni wanaifahamu sura ya 83 ya Qurani, inayofunguliwa kwa onyo kwa wanaopunja. Wenzao wa kanisani wanakutana na mizani ya udanganyifu katika Mithali. Dini zote mbili ziliona haja ya kuweka jambo dogo la kibaba na mizani mbele ya Mungu. Nadhani ni kwa sababu kipimo ni mahali ambapo mnyonge hana namna ya kujitetea. Anayepimiwa hana mizani yake. Na mnunuzi wa mchele ana nafuu, akifika nyumbani anaweza kupima upya. Yule mama hakuwa na hadubini nyumbani.

Hata rangi tunayotumia ina somo hilo. Gustav Giemsa, mkemia wa Kijerumani, alifanya kazi ya ufamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya 1895 na 1898. Miaka hiyo hiyo Robert Koch, aliyekigundua kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882 kwa kukipaka rangi, alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria. Walikuja na dola iliyotutawala kwa nguvu, na sina haja ya kuwapamba. Giemsa hakuwa wa kwanza kupaka malaria rangi. Mrusi Romanowsky alishafanya hivyo mwaka 1891, ila mchanganyiko wake ulikuwa wa kubahatisha, leo unatoka vizuri na kesho haufanyi kazi. Giemsa aliutuliza, akaongeza gliserini, akaufanya uwe ule ule leo na kesho, Hamburg na Magomeni. Sifa yake yote iko hapo: mtu mwingine, mahali pengine, akifuata hatua zile zile, ataona kile kile. Hiyo ni ahadi. Nilipoimwaga rangi hiyo juu ya kioo kichafu, niliivunja ahadi ambayo sikuiweka mimi, lakini nilikuwa naishi kwayo.

Na wapo waliojua kwamba ahadi haitunzwi na nia njema peke yake. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na daktari Karel Styblo aliyekuwa sehemu ya kazi hiyo aliijenga juu ya kipimo rahisi cha makohozi kwenye kioo. Mfumo huo baadaye ulikuwa mfano kwa nchi nyingi. Moja ya kanuni za kazi hiyo duniani ni kwamba slaidi husomwa tena na mtu mwingine asiyejua wa kwanza aliandika nini. Wengine huiona kama kutoaminiana. Mimi naiona kama heshima: inakubali kwamba mimi ni binadamu, kwamba jicho langu linaona linachotarajia, na kwamba mgonjwa hapaswi kulipia ubinadamu wangu.

Nilikutana na yule mama tena kama miezi miwili baadaye, kituoni Mapipa, binti yake akiwa na sare ya chekechea na biskuti mkononi. Alinishika mkono. "Dada, Mungu akubariki. Wewe ndiye uliyetuambia twende hospitali."

Ningeweza kuitikia amina na kupanda basi. Nilimwomba tukae pembeni. Nilimwambia kwamba wale watatu na wale wanne hawakuwepo. Nilimwambia walikuwa uchafu wa kioo, kwamba kioo kile nilikichagua mimi, na kwamba niliandika bila kuhakikisha. Safari hii sentensi zote zilikuwa na mtu ndani yake.

Alinyamaza kidogo. Akamtazama mtoto, akamfuta makombo mdomoni. "Kwa hiyo zile dawa alimeza bure."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa hivi unajuaje kama huoni vibaya tena?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayehitaji jibu, kwa sababu atarudi, maana sisi ndio tulio karibu. Katika miaka yangu yote ya chuo hakuna mwalimu aliyeniuliza swali gumu kama lile.

Jibu nililo nalo ni dogo. Siku ya pili baada ya kuigundua ile slaidi, nilikuwa nimezungumza na mzee. Nilimwekea slaidi ya yule mtoto chini ya lenzi, nikamwonyesha jinsi ya kuchezesha fokasi. Alitazama muda mrefu. Hakusema nimekosea wala hakusema amekosea. Alisema, "Kuosha tuache," na akanipa hela ya boksi lingine. Sijui alizitoa kwenye fungu gani. Kodi ya mwezi ule ilichelewa.

Tangu hapo, kila boksi jipya linapofika, la bei yoyote, natoa slaidi moja isiyo na tone la damu. Naipaka Giemsa, naisubiri dakika zile zile, naisuuza, naikausha, naiweka mafuta, naisoma nyanja 100 kama ya mgonjwa. Chochote ninachokiona hapo si cha mtu. Ni cha kioo, au cha rangi, au cha jicho langu. Nukta, uzi, kivuli, naviandika kwenye daftari. Ni kujifunza sura za vitu ambavyo ningeweza kuvisingizia damu ya mtu.

Nilimweleza yule mama hivyo hivyo, pale kituoni. Sina hakika kama alielewa yote. Aliniuliza inachukua muda gani, nikamwambia kama saa moja. Akatikisa kichwa, akamnyanyua mtoto. "Basi endelea hivyo hivyo," akasema, na basi lao likaja.

Jumamosi iliyopita slaidi tupu ya boksi jipya ilinionyesha nukta nne za bluu, moja ikiwa na kitu kama wekundu pembeni. Kama ingekuwa na damu juu yake, ningeweza kuapa. Nililifunga boksi, nikaliandika kwa penseli "lirudishwe", nikapanda Mwendokasi hadi Msimbazi. Muuzaji alinikumbuka.

"Dada, si nilikuambia? Kioo ni kioo."

Nikamwomba anibadilishie. Alilalamika, kisha akabadilisha. Nyuma yangu kulikuwa na kijana wa maabara nyingine, ana karatasi ya orodha mkononi, amelishika boksi la bei ya chini. Nilitoa slaidi moja kutoka kwenye lile ninalorudisha, nikamwambia, "Kaka, hebu ielekeze kwenye mwanga."